Watoto Thelathini na Mmoja wa Khogeshwar

Kolimon Bibi alikuwa na tabia mbaya kwa mtu anayekunja vitabu: alisoma. Madarasa manne aliyopata utotoni kwao, kabla ya kuolewa, yalimtosha kusoma chochote kilichopita mikononi mwake, na kwa kuwa riziki ya nyumba ile ilitokana na kukunja, kushona na kutia gundi vitabu vya watu, kilichopita kilikuwa kingi. Alijua bei ya mbegu za haradali ya mwaka juzi, alijua sala za dini tatu, alijua namna ya kumtibu fahali aliyevimba tumbo. Mumewe, Tosher Ali, alimwambia kila wiki kwamba mpishi haonji kila chungu cha harusi. Naye alimjibu kila wiki kwamba mpishi asiyeonja ndiye anayewalisha wageni chumvi tupu.

Jumatatu hiyo walikuwa barazani watatu. Tosher alikuwa kwenye kibao cha kushonea, mtoto wao Rofikul akipaka nta kwenye uzi, na Kolimon akikunja karatasi ya saba ya Kamusi Elezo ya Wilaya. Kazi ilikuwa nakala mia sita. Kila shule ya wilaya ingepata moja, na kila ofisi ya serikali ingepata moja. Karatasi ya saba ilikuwa ya majina ya vijiji. Kolimon alifika ukurasa wa mia na tatu, mkono ukasimama hewani.

"Baba Rofikul," akaita, "hivi sisi tunaishi wapi?"

"Umeanza."

"Nauliza tu. Tunaishi wapi?"

"Nolkura. Kunja karatasi."

"Tangu lini?"

Tosher akauma uzi kwa meno mawili yaliyobaki yanayokutana. "Babu yangu kalala nyuma ya mianzi ile. Kamuulize yeye."

"Simuulizi, maana hakuzaliwa. Sikiliza." Akaisogeza karatasi mbali na macho, kama wazee wanavyofanya. "'Nolkura. Pori la mianzi na vinamasi, halikuwa na wakazi hadi mwaka 2015 lilipoingizwa rasmi nchini. Baadaye lilivamiwa na wahamiaji kutoka ng'ambo ya mpaka.'"

Rofikul aliacha kupaka nta.

Miaka sitini na minane Nolkura ilikuwa kipande cha nchi jirani kilichomezwa ndani ya India pande zote, kama kokwa ndani ya fenesi. Polisi hawakuingia, daktari hakuingia, umeme ulipita juu kwenye nguzo bila kushuka. Kisha serikali mbili zikakaa, zikabadilishana makokwa yao, na watu wa Nolkura wakaamka ndani ya India pasipo mtu kuhamisha hata sufuria. Bendera ilipandishwa, pipi zikagawiwa. Kilichobaki ni ardhi. Mpaka siku hiyo shamba la Nolkura halikuwa limeandikwa jina la mtu yeyote, na afisa wa ardhi alikuwa anakuja Alhamisi ya wiki iliyofuata kusikiliza madai. Nirod Pramanik, mwenye kinu cha mafuta, alikuwa ameshapeleka pingamizi lake: kwamba pale palikuwa pori tupu, na ng'ombe wa marehemu baba yake ndio waliokuwa wakichungwa humo.

"Fungua ukurasa wa kwanza," akasema Rofikul taratibu. "Pale kwenye shukrani."

Kolimon alivuta karatasi ya kwanza kutoka kwenye rundo. Mhariri alimshukuru Mwenyezi, akamshukuru mkuu wa wilaya, akamshukuru mke wake, na katikati ya mke na mkuu wa wilaya alikuwepo Bwana Nirod Pramanik, aliyenunua karatasi yote ya kitabu.

"Kwa hiyo mwenzetu kajinunulia ukurasa," akasema Kolimon. "Na sisi ndio tunamshonea."

"Utafanyaje?" akauliza Tosher. "Kitabu ni kitabu."

"Nitakwenda kumuuliza mhariri mwenyewe."

"Mama Rofikul, hii nyumba inakula kwa mkono wa yule bwana."

"Kula tutakula. Nataka kujua tutakalia wapi wakati tunakula."

*

Bimalendu-babu, yaani Bwana Bimalendu kwa Kibengali, mchapishaji na mhariri wa kamusi ile, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kupigana naye. Aliwakaribisha kwenye ngazi ya nje, akaagiza chai. Yake ilikuja kwenye kikombe cha udongo mweupe chenye kisahani. Yao ikaja kwenye vikombe vya karatasi, vile vya kutupa. Tosher aliinywa haraka ikamchoma ulimi. Kolimon aliiweka chini, akaisoma ile sentensi ya Nolkura kwa sauti, polepole, kama mtoto anayemsomea mkaguzi wa shule.

"Nani aliwatuma msome?" akauliza Bimalendu-babu.

"Herufi zilikuwa zimetazama juu, bwana."

"Nawalipa mkunje."

"Tunakunja. Ila hapa tumekunjwa sisi."

Bimalendu-babu akacheka kidogo, kwa adabu. "Mama, kamusi elezo haiandikwi kutoka kichwani. Kila neno lina chanzo. Nimetazama sensa ya mwaka hamsini na moja: Nolkura, hakuna mtu. Sitini na moja, hakuna mtu. Nimekwenda hivyo hivyo mpaka elfu mbili na moja."

"Wahesabu watu hawakuruhusiwa kuingia kwetu. Ilikuwa nchi ya watu."

"Ndiyo maana nasema, hakuna mtu."

"Sasa bwana, mimi nikifumba macho yangu hapa, wewe umekwenda wapi?"

Tosher akamkanyaga kidole cha mguu.

"Niletee maandishi," akasema Bimalendu-babu, na sauti yake sasa ilikuwa ya darasani, maana alifundisha miaka ishirini kabla ya kuanza kuchapa. "Hati ya shamba. Stakabadhi ya kodi. Cheti cha kuzaliwa cha mtu yeyote wa Nolkura, cha kabla ya mwaka 2015. Kimoja tu."

Alijua hawanacho. Nani angewapa? India ilisema si wake, na ili wafike kwenye ofisi za ile nchi jirani iliyowamiliki, iliwapasa waivuke India bila ruhusa na wafungwe njiani. Kolimon aliikunja tena karatasi yake.

"Haya," akasema mhariri, akiinuka. "Na mkiondoka, bebeni ule mzigo. Nilikuwa nawatumia mtu."

Ulikuwa mfuko wa vibandiko mia sita vilivyochapwa vizuri, vya rangi. Ramani ya India mwanzoni mwa kitabu ilikuwa imenakiliwa kutoka kitabu cha kigeni, na huko juu kabisa, kwenye milima ya Kashmir, mstari wa mpaka ulikuwa umekata mahali ambapo serikali haitaki ukatwe.

"Mvibandike juu ya ile ramani, kila nakala. Msiruke hata moja. Ramani ikikosea mpaka wa nchi naweza kufungwa."

"Nani alikuletea malalamiko?" akauliza Kolimon.

"Hakuna. Nimeliona mwenyewe jana."

"Jana. Na leo vimeshachapwa."

"Heshima ya nchi haingoji."

"Umewahi kufika huko juu, bwana?"

"Sijafika. Kwa nini?"

"Hapana, nauliza tu." Akaubeba ule mzigo wa milima kichwani, akakiacha kile kikombe cha karatasi pale pale kwenye ngazi, kimejaa.

*

Siku mbili walibandika milima. Tosher alipika gundi yake ya unga wa ngano na mrututu, ule wa bluu unaozuia mende wasile vitabu, na mikono yao yote ikageuka bluu. Kazi ilitakiwa ifike kwa mhariri Jumatano, siku moja kabla ya kikao cha ardhi, maana nakala ya kwanza ilikuwa ya ofisi hiyo hiyo.

"Kweli mimi ni mtu wa ajabu," Kolimon alikuwa akisema huku akipaka. "Naandika mpaka wa nchi kwa mkono wangu, nchi yenyewe inasema sipo."

"Punguza gundi."

"Gundi nayo haipo. Imevamia kutoka ng'ambo."

Mchana wa siku ya pili alimaliza vibandiko akarudi kwenye kukunja. Karatasi ya kumi na nne ilikuwa historia za shule. Rofikul alikuwa amelala chali kwenye mkeka, mgongo unamuuma, na Tosher alikuwa anatafuna bisi za mchele. Wote wawili walimsikia Kolimon akitoa sauti kama ya bata aliyekanyagwa. Walipogeuka walimkuta ameziba mdomo kwa pindo la sari na machozi yanamtoka.

"Nini tena? Wameandika nini?"

Hakuweza kusoma. Alimpa Rofikul. Rofikul akaketi, akasoma: "'Shule ya Msingi ya Balakuthi. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Daftari la shule hii lina jambo la kushangaza. Kati ya mwaka 1979 na 1998 mkulima mmoja wa Balakuthi, Khogeshwar Barman, aliandikisha watoto wake thelathini na mmoja, baadhi Wahindu na wengine Waislamu, watatu kati yao wakiwa wamezaliwa juma moja. Mhariri ameshindwa kulieleza.'"

Tosher alikohoa bisi zikaruka hadi kwenye ngazi. Kisha akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka mara mbili kwa mwaka, na hii ilikuwa ya mwaka huu na ujao.

Mtu yeyote wa Nolkura angelieleza. Mtoto wa Nolkura hakupokelewa shule ya India, kwa kuwa alikuwa mgeni, na shule nyingine haikuwepo. Basi mzazi alivuka mtaro hadi Balakuthi, kijiji cha India, akamwomba mtu wa huko amkopeshe jina, mtoto aandikwe ni wake. Watu wa Balakuthi wengi walikopesha moja, wakaogopa, wakaacha. Khogeshwar Barman, aliyekuwa na ng'ombe mmoja na hakuwahi kuoa, hakujua kukataa. Mwalimu mkuu wa zamani aliandika huku akitazama dirishani. Kwa hesabu ya daftari Khogeshwar alikuwa na wake kumi na tisa, na wanawake wa Nolkura walitaniana kisimani: mke mwenzangu, leo ni zamu yako au yangu?

"Mimi ni wa ishirini na mbili," akasema Rofikul. Alikuwa ameacha kucheka mapema kuliko wengine. Kwenye cheti chake cha shule, kwenye kadi yake ya kura, kwenye kila karatasi aliyokuwa nayo duniani, baba yake alikuwa Khogeshwar Barman.

"Kabla ya mwaka 2015," akasema Kolimon. Naye alikuwa ameacha kucheka. "Si alitaka maandishi? Haya hapa. Kayachapa mwenyewe."

"Ule ni uongo, Mama Rofikul," akasema Tosher.

"Ni uongo wenye tarehe. Kweli yetu sisi haina tarehe hata moja."

*

Khogeshwar alikuwa ng'ambo ya mtaro, anapaka chokaa jani la tambuu. Alikuwa amefika miaka themanini au karibu yake, mwembamba, shingo ndefu kama ya korongo.

"Karibu, mke wangu wa daftari. Mwenye mali anajua umekuja?"

"Ndiye kanituma. Tumekuletea habari zako, umetoka kitabuni."

Akamsomea. Mzee akamwambia arudie. Akarudia.

"Wameniita mkulima," akasema mzee. "Ni heshima hiyo. Watu hapa wananiita mwenye ng'ombe."

"Wanakucheka, kaka Khogeshwar."

"Najua wananicheka. Acha nicheleweshe kidogo kujua."

Kolimon akamweleza anachotaka: kibandiko chake mwenyewe, kiingie kwenye vitabu vyote mia sita, kiseme wale watoto walikuwa wa nani na walilala wapi. Mzee alitema tambuu pembeni, nyekundu, kwa uangalifu, asiichafue sakafu ya kibanda chake.

"Nikisema si wangu, nimeidanganya serikali mara thelathini na moja. Posho yangu ya uzee wataikata. Pengine na mimi mwenyewe watanifunga."

"Wakikata posho una milango thelathini na moja ya kulia."

"Na nikishawakana, itakuwa bado milango yangu?"

Kolimon alitazama mikono yake ya bluu.

"Rofikul alipopata homa ya kichwa," akasema mwishowe, "hospitali walimkataa mpaka baba aweke dole gumba. Baba yake alisimama nje ya geti kama mwizi. Wewe ndiye uliyeingia. Ulikaa naye siku sita, ukamwosha. Hakuna kitabu kitakachokutoa pale kwenye kile kitanda."

"Siku saba."

"Saba basi."

Mzee alikunja jani la pili, akalisahau mkononi. Ng'ombe wake alikohoa nyuma ya nyumba.

"Huyo Pramanik," akasema, "mwaka ule wa mafuriko alikuja hapa akaniambia nimshuhudie kwamba Nolkura hamna watu, atanipa shuka. Nikamwambia, hamna watu? Mbona wanaiba ndizi zangu?" Akalitia jani mdomoni. "Andika. Lakini uandike wote. Usimwache mtu hata mmoja, hata yule mpumbavu wa nyumba ya mwisho aliyenilia bata."

*

Aliyechapa alikuwa Gour wa sokoni, mchapaji wa kadi za harusi. Muda ulikuwa mfupi na karatasi aliyokuwa nayo ni mabaki ya harusi moja iliyovunjika, ya rangi ya waridi, yenye kipepeo cha dhahabu juu, maana harusi ya Kibengali bila kipepeo haijaalikwa. Kolimon alisema kipepeo abaki. Hivyo masahihisho ya historia ya wilaya yakatoka yamepambwa kama mwaliko wa kula samaki na wali.

Yalisema hivi: *Masahihisho ya ukurasa 103. Nolkura ilikuwa na watu. Tazama ukurasa 212. Watoto thelathini na mmoja wanaotajwa pale walizaliwa Nolkura na walirudi kulala Nolkura kila siku baada ya shule. Baba zao halisi ni hawa.* Chini yake yakafuata majina, mtoto na baba, mtoto na baba, kwa herufi ndogo kama mbegu za ufuta. Mwishoni: *Khogeshwar Barman aliwakopesha jina kwa sababu hakuna aliyewapa.*

Jumanne jioni vitabu mia sita vilikuwa vimesimama barazani, vimeshonwa, vimekatwa kingo, vinangoja. Tosher alikiangalia kibandiko upande mmoja, akakigeuza, akakiangalia upande ambao hauna kitu.

"Tukifanya hivi, hii ndiyo kazi ya mwisho kutoka kwa yule bwana."

"Najua."

"Miaka kumi na nane nimemshonea. Hajawahi kurudisha kitabu hata kimoja."

"Najua, Baba Rofikul."

"Umejuaje kuwa afisa atasoma? Atafungua, ataona kipepeo, atafikiri ni harusi."

"Basi atasoma. Nani asiyesoma mwaliko?"

Tosher aliinuka. Walimsikia jikoni akipasua kuni. Kolimon akaanza kufungua kitabu cha kwanza, akachovya brashi kwenye gundi iliyobaki ya milima, na mara mumewe akarudi amebeba sufuria mpya inayofuka moshi.

"Toa huo uji wako," akasema. "Ukibandika kwa gundi ya jana watakibandua kwa kucha. Hii nimeweka mrututu mara mbili. Sogea, mkono wako haufuati mstari."

Walibandika chini ya sentensi ya Bimalendu-babu, si juu yake. Hilo lilikuwa wazo la Kolimon. Hakutaka kumfuta mtu.

*

Kikao kilifanyika kwenye darasa la shule ya Balakuthi, madawati yamesukumwa ukutani. Afisa wa ardhi alikuwa binti wa mjini mwenye miwani na mafua. Nirod Pramanik alikaa mbele na wakili wake, na Bimalendu-babu alikaa pembeni yao, amealikwa kama msomi. Watu wa Nolkura walisimama nyuma. Viti vilikuwepo, hakuna aliyewaambia wakae.

Wakili hakuwa na maneno mengi. Alisema mteja wake anadai pori lililokuwa tupu, na kwamba hao waliopo hawana karatasi hata ya kufungia karanga. Kisha akaweka Kamusi Elezo mezani kwa mikono miwili. "Kitabu cha marejeo cha wilaya, mheshimiwa. Kimetoka jana. Ukurasa wa mia na tatu."

Afisa alifungua. Alisoma kwa sauti, pua imeziba: pori la mianzi, halikuwa na wakazi, wahamiaji kutoka ng'ambo. Wakili aliitikia kwa kichwa kila neno. Lakini afisa hakuishia hapo. Aliendelea kusoma chini, na wakili akaendelea kuitikia kwa kichwa maneno mawili matatu kabla ya kusikia kinachosomwa.

Bimalendu-babu alikuwa amesimama. "Hiyo si yangu, mheshimiwa. Hiyo haimo kitabuni."

"Ninaisoma kitabuni."

"Imebandikwa. Wakunjaji wangu wamebandika. Ni hujuma. Naomba iondolewe."

Afisa alijaribu kuiinua pembe kwa ukucha. Haikuinuka. Akarudisha kurasa hadi mwanzo wa kitabu, akapitisha kidole juu ya ramani ya India, pale juu.

"Na hii nayo imebandikwa," akasema.

Mhariri akakisogelea kitabu.

"Gundi ni ile ile. Niambie, bwana, nitoe vyote viwili au niache vyote viwili?"

Nyuma ya darasa mtu alikohoa. Bimalendu-babu alitazama milima yake. Alimtazama Kolimon, naye Kolimon alikuwa anatazama dari kwa unyenyekevu mkubwa.

"Acha," akasema mhariri, akakaa.

Daftari la shule lilikuwa humo humo darasani, kwenye kabati lenye kufuli lisilofunga. Karani alilileta likiwa na vumbi, afisa akapiga chafya mara tatu, akaanza kulinganisha. Rofikul, 1992. Yupo. Hatem, 1986. Yupo. Alipomaliza aliita: "Khogeshwar Barman yupo?"

Mzee alipita katikati ya watu amevaa shati jeupe ambalo hakuna aliyekuwa ameliona kabla.

"Watoto hawa ni wako?"

"Kwenye daftari ni wangu."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani nina ng'ombe."

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Nilidanganya kuhusu baba, mheshimiwa. Kuhusu watoto sikudanganya. Walikuwepo. Waulize walimu, waliwachapa."

Pramanik aliinuka kwa mara ya kwanza. "Huu ni ughushi. Kakiri mbele yako. Huyu mzee anatakiwa kituoni, na hawa wote wanatumia karatasi za uongo."

"Ughushi ni kesi nyingine, ukitaka ifungue," akasema afisa. "Utakuja kueleza pia watoto walioghushiwa walitoka pori lipi. Mimi leo nauliza jambo moja: palikuwa na watu?" Akafuta pua. "Karani, andika madai. Kaya moja moja. Pingamizi litasikilizwa baada ya wenyeji kuandikwa."

Neno lile, wenyeji, lilitoka puani likiwa na mafua, na halikupoteza kitu.

Kaya ya kwanza ilikuwa ya Tosher, kwa sababu Kolimon alikuwa amempa msukumo wa mgongo. Karani aliuliza ukubwa wa shamba, akauliza mipaka, akauliza mrithi.

"Rofikul," akasema Tosher.

"Jina la baba wa mrithi?"

Miaka thelathini na miwili Tosher alikuwa amejizoeza kulijibu swali hilo kwa jina la mtu mwingine, kwenye mageti, kwenye madirisha ya ofisi, mbele ya askari. Mdomo ulianza wenyewe, "Kho..." Akaufunga. Akashika meza.

"Tosher Ali," akasema. Kisha kwa kuwa karani alikuwa mwepesi wa kalamu na angeweza kukosea, akasema tena kwa sauti ya mtu anayeita kivuko ng'ambo ya mto, mpaka watoto waliokuwa nje wakachungulia dirishani. "Tosher Ali. Mimi hapa. Andika."

Bimalendu-babu alipotoka alipita karibu na Kolimon. "Msije tena kuchukua karatasi kwangu," akasema chini chini.

"Hatuji, bwana. Ila toleo la pili ukilifanya, tutafute. Tumeona makosa mengine arobaini."

Waliandikwa hadi saa kumi. Mmoja mmoja walifika mezani, wanaume wazima wenye mvi, wengine wamesafiri usiku kucha kwa treni kutoka kwenye tanuri za matofali za mbali, na kila mmoja alitaja baba yake halisi; baadhi walinong'ona kama watu wanaotukana. Khogeshwar alikaa kwenye dawati la darasa la kwanza, magoti juu, akimsikiliza kila mmoja akiondoka.

Kwenye kaya ya mwisho karani alinyoosha vidole. "Na wewe, mzee? Unadai kipande gani?"

"Mimi sina ardhi Nolkura," akasema Khogeshwar. "Nilikuwa na watoto tu, na leo mmewagawa wote."

Karani akacheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaanza kulifunga daftari la madai. Kolimon aliweka kiganja chake cha bluu katikati ya kurasa.

"Kuna mstari umebaki hapa chini."

"Mama, huyu hana dai."

"Ndiyo maana ataandikwa pamoja na sisi, siyo peke yake. Kesho keshokutwa mtu atatunga kitabu kingine, aseme huyu mzee hakuwepo. Andika: Khogeshwar Barman, wa Nolkura."

"Wa Nolkura? Yeye ni wa Balakuthi."

"Sisi ndio tunajua nani ni wa Nolkura. Mmetuuliza tangu asubuhi."

Karani alimtazama afisa. Afisa alikuwa amevua miwani anaisafisha, na aliisafisha muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Umesikia wenyeji walivyosema," akasema. "Andika."